Ukiwa hupendi mazoezi, na joto la Mombasa halikusaidii

Wengi wanaosema hawapendi mazoezi wanachukia kitu kimoja tu ndani ya mazoezi, na ushauri wanaopewa haukigusi kitu hicho. Mmoja hana neno na kutembea, ila hataki kurudi nyumbani nguo zimemganda mwilini. Mwingine jasho halimsumbui, ila hapendi kutazamwa. Yupo anayechoshwa na kuhesabu moja mpaka kumi na mbili, na yupo aliyeanza Januari kwa kukimbia, akatweta mpaka kichomi kikamshika ubavuni, na tangu siku hiyo mazoezi kwake ni kichomi. Kuwaambia wote hawa wajitie moyo ni kupoteza maneno.

Kwa hivyo kabla ya kununua raba au kulipia jimu, andika kwenye simu ni nini hasa kinachokukera. Sentensi moja yatosha, lakini itaje kitu kinachoonekana: "nachubuka mapajani", "naona haya nikipita mbele ya maskani ya vijana", "nikirudi nakuta maji ya mfereji yamekatika". Ukiandika "mimi mvivu" hujaandika kitu. Uvivu hauna dawa, ilhali mchubuko una mafuta, maskani ina njia ya kuizunguka, na maji yaliyokatika yana ndoo iliyojazwa jana usiku.

Punguza kasi kwanza

Kama hujui kinachokukera, dhania kuwa ni kasi. Mara nyingi ndiyo. Mtafiti Panteleimon Ekkekakis ameshughulika kwa miaka mingi na swali la watu wanavyojisikia wakati wa zoezi, na matokeo yanaelekea upande mmoja: mtu akivuka kiwango ambapo pumzi huanza kukatika, raha hushuka karibu kwa kila mtu. Chini ya kiwango hicho wengi hujisikia vizuri, au angalau hawajisikii vibaya. Anayeanza kwa kukimbia huvuka kiwango hicho dakika ya pili, kisha akadhani tabia yake ndiyo yenye kasoro.

Kipimo hakihitaji saa ya mkononi. Zungumza. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi katikati, lakini huwezi kuimba ubeti wa taarabu, uko panapotakiwa. Ukiweza kuimba, ongeza hatua. Ukiwa unajibu kwa neno moja moja, punguza, hata kama mwenzako anakuacha nyuma.

Kasi hiyo haiwi ile ile mwaka mzima, na hapa ndipo joto linapowavunja watu moyo bila wao kujua. Februari na Machi mchana hufika nyuzi 31 hadi 33, na moyo unakuwa na kazi mbili: kupeleka damu kwenye misuli, na kuipeleka kwenye ngozi ili joto litoke. Jasho hupoza mwili pale linapokauka. Hewa ikijaa unyevu, linatiririka tu. Ndiyo maana mwendo ulioumudu Julai unakufanya utwete Machi, bila ya wewe kurudi nyuma hata kidogo. Mwili huzoea joto kwa siku 10 hadi 14 za kujizoeza kidogo kidogo, kwa hivyo aliyehamia kutoka Nairobi au aliyezoea ofisi yenye kiyoyozi asijipime kabla ya wiki mbili kwisha. Kichwa kikizunguka, ukisikia baridi ya ghafla au kichefuchefu, simama, ingia kivulini, jimwagie maji kichwani na shingoni, jipepee. Mtu akianza kuchanganyikiwa maneno, huyo ni wa hospitali mara moja.

Jambo jingine ambalo wachache hulifanya ni kuishia kwa wepesi. Katika utafiti uliochapishwa 2016, watu walipewa zoezi la baiskeli la dakika 15. Walioanza kwa nguvu na kumalizia taratibu walilikumbuka kuwa la kupendeza zaidi kuliko walioanza taratibu na kumalizia kwa nguvu, ingawa kazi ilikuwa sawa. Tunachokikumbuka sana ni mwisho, na mwisho huo ndio unaoamua kama kesho utavaa raba tena. Pasha mwili dakika tatu, weka sehemu nzito mwanzoni, kisha shuka. Wale wanaomaliza kwa kukimbia mbio za mwisho mpaka mlangoni wanajiharibia kesho yao.

Ufuoni, upepo unaweza kukupangia haya bila ya kufikiri. Pwani ya Nyali hadi Bamburi imelala kama kusini na kaskazini. Msimu wa kusi, Aprili hadi Septemba, anza kwa kuelekea kusini ukipambana na upepo, kisha urudi ukiwa mgongoni. Kaskazi ikiingia, Desemba hadi Machi, geuza. Ila ukiwa na upepo mgongoni hupozwi vizuri, kwa hivyo safari ya kurudi iwe ya pole kweli kweli.

Saa na mahali, kwa majina

Mombasa ina madirisha mawili tu ya nje yanayofaa. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, na tangu alfajiri mpaka saa moja na nusu hewa ni ya kuvumilika. Jioni dirisha hufunguka saa kumi na moja. Kwa asiyependa mazoezi, asubuhi ni bora. Si kwa sababu ya afya. Jioni ina wapinzani wengi mno. Kuna mechi, kuna baraza, kuna viazi karai, kuna mgeni aliyeingia bila hodi. Kwa anayeswali Alfajiri, kuamka kumeshafanyika. Hatari pekee ni kitanda, kwa hivyo nguo za kutembelea ziwe karibu na mlango. Lakini anayefunga duka saa nne za usiku asijilazimishe alfajiri. Usingizi ukipungua, hakuna mpango utakaodumu.

"Nitafanya mazoezi jioni" si mpango. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba watu hutimiza azma zaidi wanapoifunga kwenye tukio: likitokea hili, nitafanya lile, mahali fulani. Tukio liwe linalotokea hata usipotaka. Kwa mfano:

"Nikishuka matatu Buxton, natembea hadi Tudor, sipandi tuktuk."

"Nikimpeleka mtoto skuli, narudi kwa njia ya Mama Ngina."

"Nikishuka feri upande wa Likoni, napanda ule mwinuko bila kusimama, kisha nachukua matatu kituo cha pili."

Angalia kwamba hakuna hata moja linaloanza na "nikipata nafasi" wala "nikijisikia". Hamu huja na kwenda. Feri hufika kila siku.

Kuhusu njia: Mama Ngina ina upepo wa bahari, kivuli cha mibuyu na watu wa rika zote, kwa hivyo anayeona haya hupotea katikati yao. Vichochoro vya Mji wa Kale vina kivuli mpaka asubuhi inakomaa, ila sakafu si sawa na pikipiki hazipigi hodi. Barabara ya Daraja la Nyali ina moshi saa za magari. Ipite mapema au usiipite. Ufuoni tazama maji. Yakijaa unabaki na mchanga laini wa juu, unaozamisha mguu na kuuvuta ukano wa nyuma ya kisigino, na kesho yake unachechemea. Yakitoka, mchanga ni mgumu na hatua ni nyepesi. Saa za maji husogea kiasi cha dakika 50 kila siku, kwa hivyo matembezi mepesi ya Jumatatu yanaweza kuwa adhabu Ijumaa, saa ile ile, pahali pale pale. Angalia jedwali la maji, au muulize mvuvi yeyote.

Kiasi cha kuanzia, kidogo mpaka kichekeshe

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na kazi ya misuli siku mbili au zaidi. Ukianza na hesabu hiyo utaacha. Habari njema ni kwamba mwongozo wa 2020 uliondoa lile sharti la zamani kwamba kipande cha chini ya dakika 10 hakihesabiki. Vipande vyote vinahesabika.

Wiki mbili za kwanza: dakika 10, siku nne. Ukijisikia una nguvu za kuendelea, rudi nyumbani vivyo hivyo. Unajenga mazoea, na mwili utashughulikiwa baadaye. Wiki ya tatu na ya nne: dakika 15, siku tano. Ya tano na ya sita: dakika 20. Ya saba na ya nane: dakika 25. Kuanzia ya tisa, dakika 30 kwa siku tano, nazo ndizo 150. Wiki ikikushinda, irudie, usiruke.

Kazi ya misuli iingie wiki ya tatu, siku mbili zisizofuatana, nyumbani, dakika 10. Mazoezi matatu yanatosha kwa mwanzo:

Kukaa na kuinuka. Keti ukingoni mwa kiti kigumu kilichoegemezwa ukuta, miguu upana wa mabega, mikono kifuani. Inuka, kisha shuka ukihesabu mpaka tatu. Mara 8, pumzika dakika moja, mara 8 tena. Wengi hujitupa wakati wa kushuka, na hapo wanapoteza nusu ya faida. Magoti yakiuma, weka mto juu ya kiti ili usishuke mbali.

Pushapu za baraza. Za sakafuni huwashinda wengi, na kushindwa mbele ya watoto hakumpi mtu moyo. Anza na ukuta. Ukiweza mara 12 bila kutweta, hamia kwenye baraza ya nje au ukingo wa meza nzito: mikono upana zaidi ya mabega kidogo, mwili umenyooka kutoka kichwa hadi kisigino, kifua kiguse ukingo. Kiuno kikilegea kuelekea chini, hesabu yako imekwisha hapo, hata kama ni mara 4.

Kubeba maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo mtungi ni uzani usio na gharama. Shika mtungi wa lita 5 kila mkono, simama wima, tembea ukumbini sekunde 30, pumzika, rudia mara tatu. Ule wa lita 20 uache kwanza. Ukiubeba kwa mkono mmoja, mgongo hupinda na kiuno kinalipa.

Kesho yake au kesho kutwa misuli itauma. Maumivu hayo hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, na yanaletwa na misuli kufanya kazi huku ikinyooka, kama unaposhuka ngazi au kushuka kitini. Hayatokani na asidi iliyoganda misulini, kama wengi wanavyodhani, wala hayaonyeshi umeumia. Zoezi lile lile likirudiwa, wiki ya pili huuma kidogo sana. Wanaoacha baada ya siku ya kwanza hupata maumivu makubwa kuliko yote, na hawafiki kwenye yale madogo. Maumivu ya kuchoma ndani ya goti au ya upande mmoja tu ni jambo jingine, hayo usiyalazimishe.

Mchubuko na raba

Vitu hivi viwili vimewaondoa watu barabarani kuliko uvivu. Mapaja yakisuguana kwenye jasho la chumvi, ngozi huwaka ndani ya dakika 20, na kuoga baadaye ni mateso. Paka mafuta mazito ya mgando ndani ya mapaja, kwapani, na chini ya sidiria kwa wanawake, kabla ya kutoka, si baada ya kuwasha. Vaa taiti au bukta ndefu ya kubana ndani. Chini ya dera au buibui haionekani. Pamba hunywa jasho ikabaki nzito, ndipo inaposugua, kwa hivyo jezi ya mpira kuukuu ni bora kuliko fulana mpya ya pamba. Buibui la kutembelea liwe jepesi na lisiburure chini, maana pindo likilowa umande au maji ya chumvi huwa zito na hukwaza mguu.

Raba za mtumba za soko la Kongowea zinatosha, ila zichague kwa mikono. Zikunje: zinatakiwa kupinda penye mashina ya vidole, zikipinda katikati kama kandambili, ziache. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu haibonyei, sponji imekufa, hata kama juu pang'aa. Zisimamishe juu ya meza uziangalie kwa nyuma. Zikiinama upande mmoja, aliyezivaa kabla yako amekuachia mwendo wake. Mbele ya kidole kirefu pabaki upana wa kidole gumba, na zijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo.

Anayechoshwa

Kuchoshwa ni sababu halali, na dawa yake ni kuunganisha zoezi na kitu unachokitamani, ukijinyima kitu hicho wakati mwingine wote. Katherine Milkman na wenzake walilijaribu hili Marekani, utafiti wao ukatoka 2014: waliopewa hadithi za kusikiliza zinazopatikana jimu tu walihudhuria zaidi, hasa wiki za mwanzo. Kisha ikaja likizo, na tofauti ikafifia. Yaani mbinu inafanya kazi, ila kila mapumziko marefu huihitaji ianzishwe upya, kwa hadithi mpya. Kwako inaweza kuwa mchezo wa redio, mawaidha, uchambuzi wa ligi, au simu ndefu kwa dadako aliye Lamu. Sharti ni moja: ukiwa umeketi, husikilizi.

Na anayechukia kila kitu kinachoitwa mazoezi aache jina hilo. Chakacha ya nusu saa sebuleni, mlango umefungwa, ni kazi ya kiuno, mapaja na pumzi, na hakuna anayehesabu mizunguko. Kuogelea, kandanda ya ufuoni, kuruka kamba na watoto uani, vyote vinaingia kwenye zile dakika 150, maadamu kipimo cha kuzungumza bila kuimba kimetimia.

Jimu iwe ya baadaye. Mwaka 2006 wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha hesabu za jimu tatu za Marekani. Wanachama waliokuwa wakilipa zaidi ya dola 70 kwa mwezi walihudhuria wastani wa mara 4.3 kwa mwezi, sawa na zaidi ya dola 17 kila walipoingia, ilhali wangeweza kulipa dola 10 kwa kila mara wakinunua tiketi ya mara kumi. Watu hununua mkataba wakidhani utawasukuma, na hausukumi. Uliza kama wanapokea malipo ya siku, uliza kama kuna saa za wanawake peke yao, na nenda mara moja katika saa utakayoitumia kweli ili uone msongamano. Jimu iliyo mbali na njia yako ya kazini usiilipie, hata ikiwa ya bei nafuu.

Siku zitakapokatika

Zitakatika. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya. Matokeo yalichapishwa 2010. Wastani wa siku za kufikia kufanya jambo bila kujisukuma ulikuwa 66, lakini masafa yalianzia 18 hadi 254, na mazoezi yalichukua muda mrefu kuliko mambo mepesi kama kunywa maji. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hivyo acha kulipa deni. Aliyekosa jana asifanye mara mbili leo, kwa sababu leo itakuwa nzito na kesho itaogopwa. Jiwekee mpaka mmoja tu: siku mbili mfululizo za mpango zisipite. Siku ya pili, hata kama ni dakika tano za ngazi za ghorofa yenu, zifanye.

Kwa mvua za Aprili hadi Juni, hasa Mei barabara zinapogeuka mito, uwe na orodha ya ndani tayari: ngazi dakika nne, kukaa na kuinuka, ukuta, mitungi, chakacha. Ramadhani punguza nusu ya muda, na usipunguze siku. Matembezi ya pole katika nusu saa ya mwisho kabla ya Magharibi yana faida ya kuwa maji yako karibu. Kazi ya misuli iende baada ya tarawehe. Anayetumia dawa za sukari azungumze kwanza na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka njiani. Siku nyingine zote atembee na peremende mfukoni na akague nyayo zake akirudi. Mwenye presha isiyotulia, mwenye maumivu ya kifua akipanda ngazi, na mjamzito, nao waulize kabla ya kuanza.

Pima kwa alama ya kalamu kwenye kalenda ya ukutani, si kwa mizani. Nusu saa ya kutembea kwa mtu wa kilo 70 hutumia kiasi cha kalori 120 hadi 150, na mahamri mawili ya asubuhi huzirudisha zote na ziada, kwa hivyo sindano ya mizani haitasogea upesi na wewe utakata tamaa bila sababu. Kinachobadilika mapema ni vingine: usingizi, ngazi za ghorofa ya tatu, pumzi ukibeba mtungi.

Ukiugua malaria au dengi, usitembee kabla homa haijaisha kabisa na hujala vizuri kwa siku chache. Ukirudi baada ya wiki mbili za kulala, rudi nusu ya dakika ulizokuwa ukifanya. Baada ya mwezi mzima, anza na zile 10 za mwanzo, saa ile ile na kwenye tukio lile lile. Utapanda kwa haraka kuliko mara ya kwanza.